Takwimu za Chumba Namba Tatu

Jumatatu, 9 Juni

Siku njema! Leo chumba namba tatu kimefunguliwa. Viti vibovu vimetolewa, vumbi limefagiliwa, na kumbe ndani kuna dirisha! Dirisha zima, la kufungua na kufunga, linalotazama maua. Na mlango wenye kitasa na ufunguo wake. Nimesimama kizingitini kwa muda. Tunafaana, mimi na chumba kile.

Miaka yote hii mimi, afisa takwimu mwandamizi, nakaa kwenye korido nyuma ya mashine ya fotokopi, jirani na vyoo. Kila anayekuja kutoa nakala ananipa mgongo. Mashine inanipulizia joto kutwa. Nikiwa katikati ya hesabu, mtu ananiomba nimshikie karatasi zake. Heshima gani hiyo?

Saa nne Mkurugenzi katuita, mimi na Desimali. Huyu Desimali ni afisa takwimu mwenzangu. Jina nimempa mimi, kimoyomoyo, kwa sababu hawezi kusema nusu kama binadamu wengine. Yeye atasema sifuri nukta tano. Nilijua tunaitwa kwa ajili ya chumba, nikanyoosha shati kabisa. Kumbe mwenzangu kaniwahi! Kaandika maombi kwamba chumba kiwe cha wazazi wenye watoto wachanga, wapate pa kunyonyesha na pa kuwaacha wakiwa kazini. Nikamkazia macho. Yeye akatazama ukuta.

Mkurugenzi hapendi maneno, mama yule anapenda namba. Kasema Ijumaa anataka takwimu za siku nzima ya mfanyakazi, tangu anapoamka hadi anapolala, wanawake mbali na wanaume mbali. Zikionyesha kwamba wanawake wamebebeshwa mzigo mkubwa wa nyumbani kuliko wanaume, basi kuna pengo, na chumba kitatumika kuliziba. Zikionyesha hakuna pengo, chumba ni cha afisa mwandamizi. Desimali akusanye za wanawake. Mimi nikusanye za wanaume.

Mimi nikusanye za wanaume! Nimetoka pale nikijing'ata midomo nisicheke. Jioni nimepitia kwa seremala kuagiza kibao cha mlangoni. Juu: AFISA MWANDAMIZI. Chini: BISHA HODI KWANZA. Seremala kaniuliza kama mlango wenyewe nimeshapewa. Nimemwambia afanye kazi yake, ya milango aniachie mimi.

Nimejaribu kukaa nile, nimeshindwa. Nimeizunguka meza mpaka mke wangu kaniuliza kama nimemwagiwa upupu. Nimemwambia ni mambo ya kazi.


Jumanne, 10 Juni

Nimeamka na mpango. Pengo ni tofauti kati ya safu mbili. Safu zikilingana, pengo liko wapi? Wanaume wakiandika kwamba nao wanapika, wanafua na kuogesha watoto, kesi imekwisha. Huku si kuongopa. Ni kusawazisha. Si usawa ndio wanaoutaka?

Tatizo moja tu. Sijui kazi za nyumbani zinachukua muda gani, na wanaume wenzangu pale ofisini ni walewale. Mtu ataandika kwamba anapika maharage kwa dakika tano, Desimali atuumbue. Inatakiwa siku ya kweli, ya kuigiza.

Nikamkalia karibu mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule hapa hapa sebuleni. Nikamwomba anisimulie siku yake ya jana tangu alipofumbua macho. Kwanza akadhani namtania. Halafu akataka kujua kama nina homa. Alipoona nimeshika kalamu kweli, akaiacha sindano, akaanza. Kuchemsha maji. Kuwaandaa wakubwa wawili waende shule. Kumnyonyesha mdogo. Kufagia. Kushona. Kumnyonyesha tena. Sokoni na kurudi, mtoto mgongoni. Kupika. Kufua nepi. Kushona huku anambembeleza mtoto kwa mguu. Kumnyonyesha tena. Kaieleza yote mpaka mkono umeniuma kuandika. Alipomaliza alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sijaiona siku nyingi. Kasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Halafu kanitilia chai bila kuombwa. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kikombe kimoja.

Ofisini nimeinakili siku ile kwa mwandiko safi. Kichwa cha habari: MFANO WA SIKU YA MWANAMUME. Sikusoma tena. Nikatoa nakala za kutosha, na hiyo ndiyo faida pekee ya kukaa nilipokaa.

Mchana nimewakusanya wanaume kantini. Dereva ndiye mkono wangu wa kulia. Hana mke wala mtoto, anaishi na redio yake, lakini ni mtu wa kuaminika. Nimewaambia wafuate mfano, wapunguze au waongeze dakika hapa na pale, wasionekane wamenakili. Mhasibu, mzee wetu anayekaribia kustaafu, kauliza dhambi hii itakuwa ya nani. Nimemwambia ni ya ofisi. Wameandika wote vichwa chini, huku wakichunguliana kama watoto kwenye mtihani.

Jioni nimezitia fomu kwenye bahasha, nimepaka gundi, nimemkabidhi Desimali. Yeye ndiye anayeziingiza zote kwenye kompyuta, maana yangu huwaka ikipenda. Kaipokea bahasha kwa mikono miwili na kunishukuru. Masikini, hajui kilicho mbele yake.


Jumatano, 11 Juni

Balaa! Nilikosea kuongea wakati wa chai. Nilimsimulia mke wangu habari za dirisha, kitasa na kibao. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, na wifi yake je?

Wifi yake ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Ni karani wa masjala pale pale ofisini kwetu. Mumewe yuko mbali kikazi, naye ana mtoto wa miezi minane. Kila asubuhi anavuka mji mzima kumpeleka mtoto kwa mlezi, ndipo ageuze kuja kazini. Kwa hiyo anachelewa. Ana barua mbili za onyo. Ya tatu ndiyo ya kufukuzwa, na shauri lake litasikilizwa Ijumaa, kwenye kikao kilekile cha chumba.

Mke wangu kanipangia mambo kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Chumba kikiwa cha watoto, wifi hachelewi tena. Kikiwa changu, wifi kazi hana. Na asipokuwa na kazi atahamia hapa, yeye mke wangu atampokea kwa moyo mweupe, na mimi nitalala sebuleni na cherehani.

Mkate umenikwama. Naapa sikuwa nimeyaunganisha mambo haya mawili! Nampenda mdogo wangu. Nimembeba mgongoni mimi, kabla hajajua kutembea. Lakini chumba nacho nakipenda. Nimetoka nyumbani bila kufunga kamba za viatu.

Njiani nimepata mpango wa pili. Chumba kibaki changu NA mdogo wangu asichelewe. Kesho aje moja kwa moja na mtoto, mapema, mimi nimfiche mahali. Mkurugenzi atamwona amewahi, moyo wake utalainika, Ijumaa hakuna wa kufukuzwa. Nimekimbilia masjala kumweleza. Mdogo wangu kasema, kaka, humu ndani hakuna hata pa kumlaza mtoto, ndiyo maana afisa mwenzako anahangaika na kile chumba. Nimemwambia aniachie mimi, mjomba mtu nipo. Amekubali shingo upande.

Nimepita kwa Desimali kuchungulia kazi inakwendaje. Alikuwa mbele ya kompyuta, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika. Kumbe ameshaona safu zimelingana, na analia. Nimemwonea huruma kweli. Nimemwambia kwa upole kwamba kazi zetu zina kushinda na kushindwa. Kaniashiria kwa mkono niondoke.

Siwezi kutulia. Nimekwenda kwa seremala mara mbili kuulizia kibao.


Alhamisi, 12 Juni

Mdogo wangu kafika kabla ya mfagizi. Mtoto ndani ya khanga, macho wazi. Tukamlaza masjala kati ya rafu mbili, juu ya majalada ya zamani. Hajapata hata dakika kumi, vumbi likamwingia puani, akaanza. Sauti ile! Kifua chenyewe kidogo vile, lakini ghorofa nzima ilimsikia.

Nikamnyakua nikakimbia naye kwenye kona yangu. Nikawa sina la kufanya, nikawasha mashine ya fotokopi ili ngurumo yake ifunike kilio. Ajabu! Akanyamaza. Akalilaza shavu begani kwangu, akaanza kusinzia. Mashine ikisimama, anafumbua jicho moja. Ikinguruma, analifumba. Basi nikatoa nakala. Nikatoa nakala za karatasi nyeupe. Zilipokuwa nyingi mno nikaona aibu, nikaweka tangazo la usafi la mwaka jana. Watu wakaja kuuliza ni waraka gani mpya unatoka. Nikawaambia wasubiri utasambazwa.

Halafu karatasi zikaisha.

Wakati mtoto anapiga kelele mlango wa Mkurugenzi ukafunguka. Nikasimama pale, mpwa begani, shati limelowa, na kulowa kwenyewe si kwa jasho. Nikasema ni utafiti. Utafiti kwa vitendo! Mama yule akanitazama kwa utulivu unaotia baridi. Akauliza kama hii ni sehemu ya siku yangu ya kawaida. Nikasema kabisa, mama, kila siku, na si mimi peke yangu, wanaume wote wa hapa ndivyo tulivyo. Akampokea mtoto, akamweka vizuri mkononi, akasema huyu ana njaa, hataki karatasi. Akanirudishia, akaingia ofisini kwake.

Mdogo wangu kaja mbio, kamchukua. Hakuna pa kwenda. Kaingia naye chooni, kafunga mlango. Mimi nakaa jirani na vyoo, sikuweza kutosikia. Watu walikuja kubisha, akawa anajibu kwa sauti ndogo, subirini kidogo, naomba mnisubiri kidogo. Humo ndani hakuna hata pa kukaa. Alimnyonyesha amesimama.

Nimerudi mezani nikashindwa kuandika. Nikasimama. Nikaketi. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu saa ile na hakishuki. Nimemwambia mke wangu ni ule mkate wa jana.


Ijumaa, 13 Juni

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Nimeingia kikaoni na kibao kwapani, kimezungushiwa gazeti. Mdogo wangu alikaa nyuma kabisa, mikono juu ya magoti. Desimali akasimama. Alianza na daftari la mahudhurio. Kalichambua, wanawake mbali na wanaume mbali, kisha wenye watoto wachanga mbali na wasio nao. Kasema barua zote za onyo kwa kuchelewa, tangu mwaka uanze, wamepewa wanawake wenye watoto ambao hawajaachishwa ziwa. Zote. Wanaume wenye watoto wa umri uleule hawajapewa hata moja, wanafika kwa wakati, mashati yamepigwa pasi. Zamani zilikuwa zinahesabiwa pamoja, kwa hiyo ilionekana tu kwamba ofisi ina wachelewaji. Akauliza kikao, hao wanaume watoto wao wamewaachia nani? Mimi jibu lilikuwa nyumbani kwangu linashona sare. Nikatazama dari.

Kisha safu zangu. Kupika: sawa. Kufua nepi: sawa. Kufagia: wanaume tumezidi kidogo. Kushona: sawa, na hapo niliona watu wanageuza shingo, lakini sikujali. Nikaanza kulifungua gazeti taratibu.

Kunyonyesha.

Desimali kalisoma neno lile bila kutikisa nyusi. Wanawake wenye watoto wachanga, kwa wastani, saa mbili nukta moja kwa siku. Wanaume wote, wakiwemo Dereva na Mhasibu, kwa wastani saa mbili nukta nne.

Kicheko! Watu walivunjika mbavu. Mhasibu alijifunika uso kwa jalada. Yule mtu wangu wa kuaminika, Dereva, kasimama na kusema yeye kafuata mfano tu, mfano wa afisa, na kwamba yeye anaishi na redio. Nilitamani ardhi immeze yeye kwanza, kisha mimi.

Mkurugenzi peke yake hakucheka. Kasubiri. Kasema anaona mambo mawili. Huenda wanaume wameandika uongo, na kama ni hivyo, pengo ni kubwa kiasi kwamba wenyewe wanaona haya kulionyesha, wakaenda kuazima siku za watu wengine. Au wanaume wameandika kweli, na kama ni hivyo, wao ndio wanaohitaji mahali pa kunyonyeshea kuliko wanawake. Kwa vyovyote vile, kasema, chumba ni cha watoto. Na barua za onyo zote zinafutwa leo, mpaka chumba kifanye kazi ndipo tuhesabu upya nani anachelewa na kwa nini.

Mdogo wangu akalia. Hakujificha, alilia kwa sauti mbele ya watu wote. Nilifurahi. Naandika hapa ambapo hakuna anayesoma: nilifurahi mpaka macho yakaniwasha. Na wakati huohuo nilikuwa nalililia dirisha langu. Mambo hayo mawili kwa pamoja yanachosha sana.

Halikuishia hapo. Mpaka mlezi aajiriwe, chumba kitahudumiwa kwa zamu, wanaume na wanawake sawasawa. Na kwa kuwa jana Mkurugenzi kashuhudia kwa macho yake utafiti wangu kwa vitendo, zamu ya kwanza, Jumatatu, ni yangu.

Tukitoka Desimali kaona kibao. Kakisoma, kakipenda. Kasema mama anayenyonyesha anataka mtu abishe hodi kwanza. Tumekipeleka kwa seremala, kakikata katikati kwa msumeno. Nusu ya chini imegongomewa kwenye mlango wa chumba namba tatu. Nusu ya juu nimerudi nayo nyumbani.


Jumamosi, 14 Juni

Mdogo wangu kaja asubuhi na mapema kumshukuru wifi yake. Na kumsimulia! Kila kitu, mpaka redio ya Dereva. Mke wangu alicheka akashika ubavu, akamwegemea mwenzake, akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Halafu akaacha kucheka. Akaomba kuuona huo mfano.

Nilikuwa na nakala moja mfukoni. Kaisoma amesimama, mstari kwa mstari. Akasema, hii ni siku yangu. Nikasema ndiyo, nimebadilisha kichwa cha habari tu. Akasema alidhani nilikuwa nataka kujua.

Hilo tu. Hakupandisha sauti. Angenifokea ningepata la kujibu, maana kwa kufokewa nina uzoefu. Alisema Jumanne ile alishona mpaka jioni akiwa na raha, kwa sababu mumewe kamuuliza siku yake imekwendaje, na kumbe mumewe alikuwa anaichukua akawagawie watu kantini. Nikaona aibu mpaka kwenye masikio. Nikamwambia nimekukosea, mama watoto. Akasema sawa. Akanipa ile karatasi. Kwa kuwa imeandikwa ni siku ya mwanamume, basi nianze na mstari wa kwanza. Akaacha maziwa ya mtoto kwenye chupa, akajifunga khanga, akatoka na wifi yake kwenda kutembea.

Kuchemsha maji. Yalichemka mpaka yakaisha sufuriani. Wakubwa wawili waligoma kuoga, wakasema baba hajui kusugua. Mdogo aliitema chupa, akaikubali, akaitema tena begani kwangu. Nilifagia, nikasahau nimefagia wapi. Nilijaribu kubembeleza kwa mguu huku nakunja nguo kwa mikono. Mguu ukafuata mkono, nikamwangusha dada yake aliyebeba ndoo. Nilitamani mashine ya fotokopi.

Waliporudi nilikuwa bado kwenye mstari wa kupika, na jikoni moshi mtupu. Mke wangu kaketi. Kamchukua mtoto, katazama sakafu, katazama dari, sijui uji ulifikaje huko. Baadaye kauliza tu mstari unaofuata unasemaje. Nikamsomea: kufua nepi. Kasema nepi zenyewe ziko nyuma ya mlango.

Nimechoka mpaka kucha. Nimejifunza jambo kubwa leo. Nitaliandika nikipata nguvu.


Jumatatu, 16 Juni

Zamu yangu. Nimeingia chumba namba tatu kwa miguu yangu, si kwa namna niliyoiota. Desimali katandika mikeka na mazulia, kaleta kiti cha kunyonyeshea chenye mto. Watoto ni wanne. Jua linaingia dirishani, dirisha LANGU, na linawapiga wao.

Mdogo wangu kafika na kumweka mpwa wangu mkekani, akanishika bega, akasema ahsante kaka. Kabla ofisi haijafunguliwa alikuwa mezani kwake. Nimemchungulia kwenye upenyo wa mlango. Alikuwa anapanga majalada huku anaimba kwa sauti ndogo. Siku nyingi sijamsikia akiimba. Moyo umenitulia kwa dakika kama tano hivi.

Mhasibu kaja kubisha hodi, akauliza kama zamu yake itabidi kweli aifanye. Nikamwambia yeye si ndiye anayenyonyesha saa tatu? Kaondoka bila kuaga.

Mchana Desimali kaniletea habari. Takwimu zitachukuliwa upya baada ya miezi mitatu, kuona kama pengo limepungua. Na safari hii siyo mwanamume kujiandikia mwenyewe peke yake. Wake zao nao wataulizwa. Zikipishana, mtu ataitwa ajieleze. Katabasamu, tabasamu la nukta tisa. Tangu hapo nimeshindwa kukaa. Nimetembea ukuta hadi ukuta, watoto wanne wananifuata kwa macho.

Nikizunguka hivyo nimegundua kwamba nyuma ya mikeka kuna kijimlango. Ni stoo. Haina dirisha. Lakini ina kitasa.


Jumanne, 17 Juni

Nimeipata! Kosa si langu. Kosa ni la fomu!

Fomu ina kupika, ina kufua, ina kunyonyesha, ina kila kitu ila kimoja. Haina KUSIMAMIA. Nani anayehakikisha kwamba kupika kunapikwa? Nani anayeuliza chakula kiko tayari? Nani ananyanyua kichwa kwenye gazeti kuona kama wakubwa wameondoka shule? Kazi hizo zinafanywa na wanaume siku zote, na hakuna aliyewahi kuzihesabu! Huo si uonevu? Kesho nampelekea Mkurugenzi pendekezo la safu mpya. Wanawake wasipinge, wao ndio wanaosema kazi isiyohesabiwa ihesabiwe. Na mke wangu akiulizwa atasema kweli, maana hawezi kukana kwamba namsimamia.

Na usimamizi unataka ofisi. Hapo ndipo stoo inapoingia. Nimeipima nusu ya kibao iliyobaki, AFISA MWANDAMIZI, inakaa sawasawa juu ya kile kijimlango. Dereva kaomba msamaha, nimemrudisha kwenye mpango. Ni mtu wa kuaminika.

Ili nisidharaulike kwa kubahatisha, nimeanza kuijaribu safu mpya hapa nyumbani jioni hii. Nimeketi, kalamu mkononi. Mke wangu yuko jikoni: kusimamia upishi, saa moja. Wakubwa wanafanya hesabu zao za shule mezani: kusimamia elimu, dakika arobaini. Mama yao kaniita mara ya kwanza, nimeitika nakuja. Kaniita mara ya pili. Sijaitika, nafikiria usawa.

Mtoto analia chumba cha pili. Ninamsikiliza kwa makini sana. Nimeandika: malezi ya mtoto, nusu saa.